Kuitikia kutoka mbali

Mjukuu wangu Minza, mwangaluka. Hapa Kasoli tu wazima. Pamba imeshavunwa, na babu yako anakohoa kidogo ila ugali anamaliza.

Umeniuliza kama wewe unayetazama ngoma yetu kwa simu huko Dar unahesabika. Kwetu vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, na kinachoshinda ni kile kilichokimbiliwa na watazamaji wengi. Simu haina miguu, mjukuu wangu.

Lakini nimekumbuka ya usichana wangu. Baba alikuwa mzee wa kanisa, ngoma alitukataza kabisa. Siku ya mashindano nilibaki nyumbani na mama tukichambua pamba, mimi nimenuna. Upepo ukaleta sauti ya manju akiimba. Mama, ambaye tangu abatizwe hakuwahi kukanyaga uwanja wa ngoma, akaitikia kiitikio chote huku mikono ikiendelea na pamba.

Nikamwambia, "Mama, hawakusikii."

Akajibu, "Mimi si nawasikia? Nikae kimya kama mgeni?"

Nilikuwa naogopa kwamba hizi simu zitatufanya sote wageni, watu wa kutazama tu na kupitisha kidole. Jumapili mjomba wako alikutumia video ya ngoma, nawe ukamrudishia sauti. Akaniwekea nisikilize. Ulikuwa unaitikia, honi za magari zikilia nyuma yako. Nilishusha pumzi, mwanangu, nikacheka peke yangu.

Maneno umeyakosea. Mgeni hukuwa.

Bibi yako