Manasseh na Ngurumo ya Mashine

Mashine ya Unga,
Suneka,
S.L.P. Kisii.
14 Juni 1953

Mpendwa shangazi Nyanchoka,

Sasa hivi Manasseh ameachia titi, ameinua kichwa na kutazama mlangoni kama mzee aliyesikia mgeni akibisha. Mashine ilikuwa imepunguza sauti kidogo tu. Iliporudi kunguruma, naye akarudi kunyonya. Nimeandika haya kabla ya kukusalimu nisije nikasahau alivyofanya. Unisamehe.

Haya, sasa salamu. Hamjambo huko Changamwe? Na mguu wa baba watoto wako, ule uliovimba wakati wa mvua, unaendeleaje? Sisi tu wazima, Mungu ashukuriwe, na wimbi limesimama vizuri shambani. Naandika kwa Kiswahili ili binti yako akusomee, kwa maana uliniambia Ekegusii chetu kinamshinda kwenye karatasi.

Sijui kama nilikueleza tunavyokaa. Mashine hii ni ya Bwana Rasiklal wa Kisii mjini, na mume wangu Nehemiah ndiye anayeiendesha. Sisi tuko nyuma yake, ukuta ni mmoja. Ikiwashwa, vikombe hucheza mezani. Manasseh amezaliwa ndani ya kelele hiyo na hulala humo fofofo. Wanawake wanaoleta wimbi hunitania, “Mama Manasseh, huyu unamnyonyesha maziwa ama pombe ya busaa?” Nami nilikuwa nacheka pamoja nao.

Mama mkwe hakucheka. Alikuja wiki hii, akamwona mtoto amelala mashine ikinguruma. Mtoto alipoamka, mama akachukua sufuria na mwiko wa chuma, akavigonganisha nyuma ya kichwa chake, kwa! kwa! kwa! Manasseh akaendelea kula kidole chake cha mguu.

“Mwana wenu hasikii,” mama akasema.

Kesho asubuhi anataka tumpeleke Birongo, kwa mzee anayetia maji ya moto ya majani masikioni. Mtoto wa jirani yake alitiwa dawa hiyo, na mpaka leo sikio linatoa usaha. Nehemiah hamkatalii mama yake. Na mimi niliyeolewa juzi, nani atapima neno langu?

Kwa hiyo nimekuwa nikimchunguza huyu mtoto kama mwizi. Jana ilikuwa Sabato. Mashine hufungwa, kwa kuwa Nehemiah yuko kanisani na hakuna mwingine anayejua kuiwasha. Basi wakati wa maombi, watu wote kimya, Manasseh alishtuka kwa kila kitu: kikohozi cha shemasi, benchi likilia, mjusi akipita juu ya mabati. Akapiga kelele mpaka nikatoka naye. Kina mama wakanong'ona ati mtoto wa Nehemiah anaichukia Sabato! Mzee wa kanisa akasema tumkumbuke katika sala. Lakini mimi huko nje, nikimbembeleza mgongoni, nikajiuliza: kama hasikii, ameshtuliwa na nini?

Nilimwambia mama. Akanijibu kwamba hata kiziwi huumwa na tumbo.

Jioni nikamuuliza Nehemiah jambo lingine. Nimemwona mara nyingi akipiga soga na wanawake, mara anaruka kwenda kuongeza nafaka, kabla mtu yeyote hajajua kwamba mashine iko tupu. “Unasikiaje,” nikamuuliza, “na nyinyi wote mnapiga makelele?” Akacheka. “Mashine yenyewe siisikii siku hizi. Nasikia ikibadilika tu.”

Sikupata usingizi vizuri kwa neno hilo. Labda kusikia ni kama kupepeta wimbi. Makapi ya kila siku yanaruka na upepo, na kilicho kigeni kinabaki kwenye ungo. Basi sufuria ya mama, chuma kwa chuma ndani ya kelele ya chuma, Manasseh ameitupa pamoja na makapi! Kuku wangu naye, mvua ikipiga mabati tusisikilizane, humsikia kifaranga wake mmoja akilia chini ya ghala. Ni nani aliyemfundisha kuchagua?

Leo asubuhi nimejaribu mwenyewe. Mashine ikifanya kazi, nilimketisha akiwa ameligeuzia dirisha mgongo, nikatoka nje. Nilisimama upande ambao upepo ulichukua harufu yangu mbali naye, nikamwita polepole. Mara nyingine aligeuka, mara nyingine la. Nikaogopa kuwa ni bahati tu. Basi nikasimama pale pale muda mrefu nimefunga mdomo, na hakugeuka hata kidogo. Nilipoita tena, akageuka! Ila hili la kuinua kichwa mashine ikipunguza sauti silihesabu, kwa maana huenda anahisi sakafu ikitetemeka.

Mama ananiambia macho ya mzazi huona anachotaka. Huenda ni kweli, shangazi. Ndiyo maana nimemwomba ajaribu yeye. Aweke sufuria chini, amwimbie mtoto ule wimbo aliomwimbia Nehemiah, akiwa nyuma yake, bila kumgusa. Amekataa. “Nimwimbie ukuta?” Sasa mtoto ameshiba, nimemwachia ampakate, nimekuja huku kumalizia barua ili nisigombane naye. Akiwa kiziwi kweli, nitampenda na kumfundisha kwa mikono. Ninachoogopa ni yale maji ya moto tu.

Wasalimie baba watoto na binti yako anayekusomea haya, na kaka Nyasani akipita hapo mwambie kondoo wake amezaa. Mungu awafunike kwa mkono wake mchana na usiku. Ni mimi binti wa kaka yako, ninayekupenda na kukukumbuka,

Bathsheba

Ngoja, shangazi, bado sijafunga bahasha. Nasikia mtu anaimba huko nyuma, chinichini, na mashine haijapumzika. Ni sauti ya mama. Ameacha. Ameanza tena. Sasa ananiita, “Mama Manasseh! Wewe! Kuja hapa, kuja uone, huyu mtoto amegeuka!”