Salma Ndani ya Ghala la Samaki

Dada yangu Zuwena,

Maskati jua linachoma hata kivulini. Ulinituma nimkataze mwanao Salma asiende kupanda milima ya barafu kule Greenland, nami nilikuja na hoja zangu zote. Nimemkuta kijijini Yiti, nje kidogo ya Maskati, ndani ya ghala la baridi la wauza samaki, kajilaza kati ya makasha ya jodari, anajaribu mfuko wake wa kulalia. Nikaingia na kanzu yangu, nikaanza kuhutubia. Kufika hoja ya tatu, meno yanagongana.

"Mjomba, leo umenyamaza mwenyewe!" Akavua glavu zake, akanivisha kidole kimoja kimoja, kama ulivyokuwa ukinivisha viatu utotoni.

Nikamuuliza anaondoka lini.

"Tiketi sijakata. Nnangoja radhi ya mama. Akikataa, siendi."

Dada, nimebishana na wakubwa wengi, sijapata kushindwa hivi. Mtoto huyu haichezei baridi. Anajifunza kuishi nayo. Mpigie leo, umpe radhi. Glavu zake bado ninazo, na kule atazihitaji.

Nduguyo akupendaye,
Hamadi