Mchaichai Niliouosha Mimi

Koku mwihwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Nakuandikia barua ambayo mtaa wetu wote wa Kitendaguro utaisoma, maana nilijisifu mbele yao wote, na sasa nina aibu kidogo. Kidogo tu.

Unakumbuka kwenu Muleba, una miaka mitano, mchaichai ulipokukata kidole? Ulilia, "Mjomba, haya majani yana meno!" Nikakuambia hayo si kitu, mimi niling'atwa na kiboko kule kisiwani Goziba, na aliyelazwa hospitali ni kiboko. Ukaacha kulia, ukauliza, "Wodi gani?" Siku ile nilijua utasoma. Hata mimi ningesoma, ila nilipofika darasa la sita walimu waliishiwa maswali.

Uliponiambia huko chuoni unataka mchaichai wa nyumbani, uukamue mafuta uone kama yanaua vijidudu, nilikwenda Muleba mwenyewe. Nilikata majani ambayo Kagera nzima haijawahi kuyaona. Kisha ukapiga simu, unapiga kelele kama umefunga goli: "Mjomba, yameua! Kisahani kizima cha vijidudu, hakuna kilichobaki!" Jumapili nikatangaza baada ya ibada. Mchungaji mwenyewe alinipisha.

Juzi tena ukasema mwalimu wako anataka mwandike habari hiyo ichapishwe, kwa sababu mchaichai wa wenzako haukuua hata robo ya wako. Ulikuwa na furaha mno, nikashindwa kukuambia nilichofanya.

Nisikilize, waitu, mwanetu. Kabla ya kuyafunga yale majani niliyaloweka kutwa nzima kwenye beseni, nikamimina chupa nzima ya ile dawa ya kuoshea vidonda. Sikutaka wasomi waseme mtoto wetu katumiwa tope. Niliyapangusa jani moja moja, Koku, kama ninayemwandaa bibi harusi. Sasa hatujui kilichoua ni mchaichai au ni beseni langu.

Usiweke jina lako juu ya beseni.

Nimekata mengine leo. Yana vumbi, yana hata buibui mmoja, sijayagusa hata kwa maji. Anza upya. Yakishindwa kuua chochote, andika hivyo hivyo, nami nitasimama palepale kanisani niseme. Wacha wacheke. Mimi wameshazoea kutoniamini. Wewe nataka wakuamini kila neno.

Ni mimi mjomba wako, wa kwanza kwa ukubwa na kwa kukupenda.