Udongo wa Jezi Nambari Tatu

Jumatatu, 4 Mei

Tumemaliza ligi nafasi ya pili. Sisi! Timu iliyonusurika kushuka daraja siku ya mwisho mwaka jana! Jumapili ni mchujo, mechi moja tu, anayeshinda anapanda. Bado sijaamini.

Leo tawi la mashabiki limekaa saluni kwa shemeji kutoa maksi za msimu. Kocha mwenyewe ameziomba. Kaja katikati ya msimu, anasema sisi tumeona mechi zote na yeye nusu tu. Shemeji ni mwenyekiti na ni kinyozi, kwa hiyo anaendesha kikao na wembe mkononi — nani atabisha? Mimi ni katibu, kwa ajili ya mwandiko.

Kipa, nane. Nambari kumi, tunayemwita Bwana Harusi, tisa na nusu. Mabao kumi na mawili! Shemeji alitaka kumpa kumi na moja juu ya kumi. Nambari tatu, Kimya, beki wa kushoto: nne. Hana bao hata moja. Alijifunga ile mechi na watani wetu. Ana miaka thelathini na nne. Shemeji akasema kwenye mchujo apumzishwe, na hakuna aliyepinga. Hata mimi. Hiyo nne nimeiandika mwenyewe, nikaipigia mstari na rula.

Jumanne, 5 Mei

Siku ya kufua jezi za Jumamosi. Msimu wa mvua kila mchezaji ana jezi mbili, moja kila kipindi, hivyo napokea mafungu mawili. Goli la chini la uwanja wetu lina udongo mweusi. Goli la juu walimwaga kifusi, udongo wake mwekundu. Mweusi unatoka kwa sabuni ya mche. Mwekundu unataka kulowekwa, kusuguliwa, na kusemeshwa vizuri. Mama alikuwa dobi wa timu kabla yangu, haya nayajua tangu utotoni.

Fungu la kipindi cha kwanza. Tulikuwa tunalinda goli la chini, kwa hiyo mabeki wote mweusi, washambuliaji wote mwekundu. Isipokuwa ya Bwana Harusi: safi kabisa, inanukia marashi, ningeikunja tu nikairudisha.

Halafu ya Kimya.

Mweusi kifuani. Mwekundu begani na mgongoni mpaka kwenye kola. Na juu ya mwekundu — mweusi tena! Yaani alilinda, akapanda mpaka kule juu, akaangushwa, akarudi kulinda. Ndani ya dakika arobaini na tano! Na kipindi cha pili bado!

Nimekaa juu ya ndoo, mikono ina povu. Msimu mzima naifua jezi hii. Kila wiki nanung'unika kwamba mtu huyu ananimalizia sabuni. Kila wiki! Sikujiuliza hata siku moja anautoa wapi udongo wote huo.

Zote nimefua. Hiyo moja sikuifua.

Jumatano, 6 Mei

Nimempelekea mama. Hafui tena, magoti yamegoma, lakini jezi ameipokea kwa mikono miwili, akaigeuza mbele na nyuma kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akauliza huyu ni nani, mbona alikuwa kila mahali.

Nikamwambia ndiye yule aliyejifunga. Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Kwani angekuwa mbali angejifungaje?

Hapo nikakumbuka! Siku ile mabeki wenzake watatu walisimama na mikono juu wakidai mshambuliaji wa watani ameotea. Kimya peke yake ndiye aliyekimbia. Karibu aufikie mpira, ukamgonga goti ukaingia. Tulikuwa watu zaidi ya mia mbili jukwaani, na wote tuliona goti tu.

Nimeona aibu. Lakini zaidi ya aibu, mwili ulinisisimka.

Ijumaa, 8 Mei

Kikao cha mwisho kabla ya kupeleka barua ya maksi kwa kocha. Nimeingia na beseni kichwani. Shemeji akaanza: shemeji yangu, umetuletea nguo tukusaidie kufua? Wakacheka. Nikaitandaza jezi juu ya kiti cha kunyolea.

Nikaeleza. Goli la chini, goli la juu, kipindi kimoja. Fundi viatu, ambaye hubishia hata saa ya ukutani, akainama akaigusa kwa kidole. "Kipindi kimoja?" Kimoja. Akaenda kukaa bila kubisha. Haijawahi kutokea.

Shemeji ndiye aliyekaza shingo zaidi. "Udongo haufungi magoli, shemeji. Wewe fua, mpira tuachie wenyewe."

Mlango ukafunguliwa. Kimya! Amekuja kunyolewa. Akaiona jezi yake pale kitini, akainamisha kichwa. "Samahani, dada. Nakuchosha sana na hiyo." Mimi! Ananiomba mimi radhi!

Shemeji alimnyoa bila utani hata mmoja. Kimya mwenyewe ndiye aliyesema, tena kwa shida, kwamba Jumapili akipangwa itakuwa mechi yake ya mwisho. Asipopangwa, basi ya mwisho ilikuwa ile ya Jumamosi. Baada ya hapo ni karakana, kuchomelea mageti. Alisema hivyo tu, akashukuru, akaondoka.

Nne haikubadilishwa. Kura sita kwa tano. Nimeipeleka barua kama ilivyo, lakini nimeifunga ndani ya jezi. Kocha akaikunjua. "Kipindi gani?" Cha kwanza tu. Akaitandaza mezani taratibu, akaanza kuipitia kwa kidole, kutoka mweusi kwenda mwekundu, kurudi mweusi. Barua alikuwa hajaifungua nilipotoka.

Jumamosi, 9 Mei

Orodha haijatoka. Jezi safi ya nambari tatu nimeipiga pasi mara mbili.

Jumapili, 10 Mei

Naandikia jukwaani, daftari magotini.

Amepangwa!

Mapumziko. 0–0. Leo simwangalii mwingine. Yuko chini, yuko juu, yuko chini. Tangu lini mtu anakimbia hivi na mimi nilikuwa natazama nini?

Dakika ya 58, wametufunga. Dakika ya 71, Kimya kapanda, kapiga krosi, Bwana Harusi kwa kichwa — 1–1! Watu wote wamemkimbilia Bwana Harusi. Kimya alikuwa ameshageuka kurudi kulinda.

Dakika ya 83. Ameanguka. Misuli imekaza. Anainuka. Anaanguka tena.

Kibao kimeinuliwa: tatu atoke.

Shemeji amepanda juu ya benchi. Shemeji! Sauti imemkauka: "Kocha, mwache! Mwache huyo!" Fundi viatu naye. Jukwaa zima limesimama, tunaliita jina lake, hata walio upande wa pili wa uwanja wanaita. Mimi nalia, wino unasambaa.

Kimya amesimama mstarini, hajatoka, hajarudi. Anatutazama. Sasa amegeuka nyuma, anatafuta ni nani tunayemshangilia, kana kwamba jina hilo lina mwenyewe mwingine.