Mwambie Habari za Wembe

Karatu,
Jumapili jioni.

Mama mpendwa,

Shikamoo Mama. Na Bibi shikamoo yake peke yake, asije akasema nimeichanganya na yako. Miguu yake inaendeleaje na hiyo baridi ya Njombe? Viazi mmeshamaliza kuchimba? Sisi huku ni wazima wa mwili. Karatu nayo ina baridi yake siku hizi. Asubuhi ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro, magari ya wageni yanapita yamewasha taa, na mimi naenda shule na lile sweta ulilonifumia. Mikono yake imeanza kuwa mifupi.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ukipokea simu unaweka spika, na Shangazi anajibu kabla yako. Haya si mambo ya spika. Barua ataileta dereva wa lori la vitunguu anayepita Makambako. Tafadhali isome ukiwa peke yako. Unanijua mimi, hata mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake ninalo, nanyamaza. Lakini safari hii nina hasira, Mama, na nitasema yote.

Ni habari ya Kaka Festo. Wewe unajua anafanya kazi hotelini, kitengo cha dobi, na kwamba anaipenda. Shuka anazikunja zote zinalingana kama karatasi. Basi alikuja meneja mpya, akasema kijana mrefu mtanashati kama yule hafai kufichwa nyuma na mashine, akamhamishia kwenye chumba cha chakula. Huko, mgeni akiwa na siku ya kuzaliwa, wafanyakazi wanatoka jikoni na keki wakiimba na kugonga masufuria. Usiku wa kwanza Kaka aliweka trei chini katikati ya ukumbi, akaziba masikio, akatoka nje. Meneja akamfuata.

"Wewe una matatizo gani?"

"Kelele," Kaka akajibu.

"Hapa tunauza tabasamu, bwana. Kama huna tabasamu, rudi kwenu ukalime viazi."

Sasa ana barua ya onyo. Mgeni mmoja, mama wa makamo, aliyaona yote yale. Kesho yake alimtafuta Kaka, akamwambia taratibu kwamba mdogo wake yeye mwenyewe ni mtu wa namna hiyohiyo, na kwamba hali hiyo ina jina. Kwa Kiswahili inaitwa usonji. Nimesoma kila nilichopata, Mama. Ni namna mtu anavyozaliwa, akili yake inapokea sauti na mwanga na watu kwa njia nyingine. Si kurogwa, si laana, na si kosa la mzazi. Watu wengi wanadhani ni jambo la watoto tu, lakini mtoto anakua, na hali yake anakua nayo.

Kaka akataka kujua. Cheti cha mtaalamu kingemsaidia kurudishwa dobi, ndiyo, lakini usiku ule aliniambia kitu kingine: "Maisha yangu yote nimedhani watu wengine wanajitahidi kuliko mimi. Nataka kujua kama ni kweli." Mtu ana miaka ishirini na sita, Mama, na hilo ndilo alilokuwa akilibeba.

Tukaanza kutafuta wa kumpima. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia. Karibu na soko kuna bwana aliyepanga chumba juu ya duka la vipuri, anajiita daktari, na bango lake linasema anapima kila kitu kwa kompyuta. Alimshikisha Kaka kipande cha chuma chenye waya, kompyuta ikaonyesha mistari ya rangi, kijani na nyekundu. Hakumwuliza Kaka swali hata moja. Akasema ubongo wa upande wa kushoto umechoka, na dawa ya unga anayo palepale kwenye kabati.

"Kijana, niangalie machoni ninapoongea na wewe."

"Nikikuangalia machoni sisikii unachosema," Kaka akamjibu. Hakuwa na jeuri, ndivyo ilivyo kwake.

"Unaona? Hicho ni kiburi, na kiburi nacho kinatibika. Haya, cheti unataka kisemeje?"

Nikamwuliza kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, amesomea wapi na amesajiliwa na nani. Akacheka. "Binti, umetumwa? Watoto wa shule siku hizi mmekuwa polisi?" Watu waliokuwa wanasubiri kwenye benchi nao wakacheka. Tukashuka ngazi zile bila cheti. Kinachonichoma ni kwamba benchi lile lilikuwa limejaa. Kulikuwa na mama kutoka Baray na binti yake amembeba mgongoni, binti mkubwa wa kutembea, na yeye pia alikuwa anangojea kile chuma.

Nikaenda kwa mwalimu wa elimu maalumu katika shule ya msingi iliyo jirani na yetu. Ni mpole, hakunicheka. Aliniambia mpimaji wa kweli hatakuahidi jibu kabla hajakuona, na hatakuuzia dawa. Atakuambia waziwazi amesomea nini na kipi hakijui, na lazima atake kumsikia mtu aliyemwona mhusika akiwa mtoto, maana usonji hauanzi ukubwani. Nikapiga simu huku na kule. Mmoja aliniambia nitume picha ya Kaka tu, inatosha! Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa Arusha, mwanasaikolojia. Huyo alisema, "Kazi yangu zaidi ni watoto. Watu wazima nawapima pamoja na mwenzangu aliyenitangulia kazini, ili nisikosee. Na ninaweza kukuta si usonji. Kaka yako yuko tayari kwa jibu hilo?" Nilimwamini pale pale.

Tulikwenda. Alizima feni kwa sababu aliona Kaka anaitazama. Walizungumza asubuhi nzima, tukarudi tena siku nyingine, Kaka akacheka mara mbili. Kilichobaki kilikuwa ni wewe.

Mama, unakumbuka mwanamke aliyekupigia simu, akasema anaulizia habari za Festo kwa sababu kuna jambo kubwa la maisha yake? Alisikia sauti za watu wengi hapo kwako, kwa hiyo hakutaja usonji, ili asitangaze siri ya mtu. Kwa ruhusa ya Kaka alitusomea majibu yako. Festo hajawahi kukusumbua hata siku moja. Festo ana marafiki kijiji kizima, anacheka na kila mtu, kwenye harusi ndiye wa kwanza kucheza. Pombe hanywi. Kwetu hakuna kifafa wala kichaa.

"Sikuwa nimemwuliza habari za kifafa," yule mama wa Arusha akasema. "Kisha akaniuliza binti mwenyewe ni dhehebu gani. Na nyuma kuna mtu alipiga vigelegele."

Nikaelewa. Mama, yule hakuwa mtu wa upande wa wakwe. Hakuna posa. Kaka hana mchumba. Wewe ulidhani wamekuja kumchunguza kijana wako, nawe ukamsifu kama mama yeyote angefanya. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Kaka hakucheka. Tulipofika stendi akasema, "Mama ameeleza mtoto mwingine. Labda huyo ndiye aliyemtaka."

Tangu siku hiyo hataki kusikia habari ya Arusha. Anasema Jumamosi atarudi kwa mwenye chuma, maana yule anaandika unachotaka na hamwulizi mtu mama yake. Nimemkatalia, tumegombana, mimi ambaye sijawahi kumpandishia sauti. Nina hasira na meneja, nina hasira na yule tapeli, na nisamehe, Mama, nina hasira kidogo na wewe pia. Kwenye harusi ya Mjomba, Kaka akiwa mtoto, alijificha kwenye ghala la viazi mpaka kesho yake, na wewe ndiye uliyempelekea uji kule gizani ukakaa naye. Bibi ndiye aliyenisimulia. Kwa nini mambo mazuri namna hiyo tunayaficha kama aibu?

Yule mama wa Arusha amekubali kukupigia tena Ijumaa jioni. Mtume Shangazi dukani, zima spika. Hatukuombi useme Kaka ni mgonjwa, wala usiongeze chumvi. Sema yaliyotokea tu, hata akija kutuambia si usonji. Jibu la hapana lililo la kweli tutalipokea.

Nisalimie Bibi, anayejua yote haya na hajawahi kuona haya. Msalimie Mjomba, umwambie harusi yake tumeisamehe kelele zake. Shangazi mpe pole ya vigelegele, avitunze, siku moja vitapata kazi. Mdogo wangu asome, vitabu vyangu vya hadithi ruksa, asikunje kurasa.

Na jambo moja zaidi. Jana nilikuwa nafua nguo za Kaka. Mashati yake yote hayana lebo shingoni, amezitoa kwa wembe, taratibu, bila kutoboa kitambaa. Nikamwuliza nani alimfundisha. Akasema, "Mama. Nilikuwa nalia nikivaa shati jipya, akakaa mlangoni penye mwanga akazitoa moja moja."

Za kwangu hukuwahi kuzitoa, Mama. Sikuwahi kulia. Ulikuwa unajua ni yupi kati yetu anayeumia. Ijumaa yule mama akipiga, mwambie hilo kwanza.

Mwanao anayekupenda,
Upendo