Hoja ya Muhogo

Jumatatu, 7 Juni 1971

Leo nimefungua mdomo darasani. Mara ya kwanza tangu nije mjini kutoka Makunduchi! Mwalim Machano kauliza: kisiwa chetu kinaweza kujilisha bila ya mchele wa meli? Wote wakaitikia, kinaweza. Mimi nikasema hakiwezi.

"Kwa nini, Mwanapili?"

Nnajua kwa nini. Lakini nilipotaka kueleza likanitoka neno la kikwetu — darasa zima kicheko. Hata Tabia, tunaekaa deski moja. Mwalim hakucheka. Kasema "hakiwezi" peke yake si hoja. Hoja inataka sababu, na sababu inataka mfano. Kanipa mpaka Alkhamisi ya wiki ijayo.

Jumatano, 9 Juni

Nimeandika: sababu ni ardhi. Nikafuta. Ardhi ipi? Ina nini? Kumbe kujua jambo na kulieleza ni vitu viwili!

Shangazi Kazija kauliza nnamwandikia nani barua. Nikamwambia ni ya skuli. Nyumba nzima hii ya Mlandege — sisi wawili na cherehani yake.

Jumapili, 13 Juni

Kwetu, kwa gari ya asubuhi. Mama kafurahi, nami badala ya kukaa nae nikaanza kumsaili. Muhogo ule ulipandwa lini? Umetoa kiasi gani? Alicheka, kisha akaacha kucheka. Miezi kumi. Mapakacha mawili, mengine wamekula nguruwe wa msituni. Tukenda shamba: mawe matupu, kila mche na kishimo chake cha udongo. Mpunga hapa hauoti asilani. Nimeandika yote.

"Na utayasema mbele za watu?" kauliza mama.

Nikasema skuli ndivyo ilivyo. Kanifungia muhogo wa kumpelekea shangazi.

Alkhamisi, 17 Juni

Nimesema! Shamba la mama, miezi, mapakacha. Jecha, wa deski la nyuma, akapinga: mbona kuna mabonde ya mpunga? Nikamkubalia, yapo — lakini yanalisha watu wangapi? Akakaa chini. Basi nikajiona! Nikaongeza foleni ya mchele wa serikali: Jumanne shangazi kasimama tangu alfajiri mpaka adhuhuri, karudi na kikapu kitupu.

Hapo hapana aliyecheka. Bora wangecheka. Mwalim kasema polepole, "Umeijenga vizuri," akaanza kufuta ubao, na kipindi bado hakijesha. Tabia kavuta vitabu vyake mpaka ukingoni mwa deski.

Jumatatu, 21 Juni

Mwalim Machano hakuja. Kaja mwengine, kasomesha hesabu. Tabia kahamia mbele. Baba yake kamkataza kukaa na mimi — hakuniambia mwenyewe, nimemsikia akimwambia Shemsa wa deski lake jipya.

Saa nne nikaitwa kwa mwalimu mkuu. Palikuwa na mgeni, jina halikutajwa. Kauliza maneno yale ya foleni kanifundisha nani. Nikasema hapana mtu.

"Mtoto wa skuli hayatoi kichwani mwake haya," kasema. Kanipa karatasi. Niandike nyumbani, niirudishe kesho, na jina la aliyenifundisha liwe juu kabisa. Mwalimu mkuu alikuwa akipanga kalamu zake.

Nimemwambia shangazi. Kaacha kushona.

"Mwandike Mwalim, mwanangu. Yeye mtu mzima, atajitetea. Wewe wakikufukuza utakwenda wapi?"

Na yeye Mwalim yuko wapi sasa hivi? Shangazi hajui. Hapana nnaeweza kumuuliza.

Nikajaribu. Hoja hii ni yangu, nimeipata shambani kwa mama — nikashtuka. Nshamtaja mama! Nikaanza upya, kwa foleni — huyo nae shangazi. Kila mfano nlio nao ni mtu. Nimeichana ile karatasi, nimetoa nyengine katika daftari.

Shangazi kasimama mlangoni. Yeye husoma khati za Kiarabu tu, anataka nimsomee nilichoandika. Juu kabisa nimetia jina langu. Chini yake bado hapana kitu.