Ndila, wa Upande wa Kulia wa Piano

Ni mwaka mmoja sasa, Ndila, tangu upande wa kulia wa lile benchi ubaki wazi. Hapa Kasikeu bado wanakusema, na sisi tunawasaidia.

Ulikuwa na mkono wazi. Aliyefika kwako na njaa alikula kwanza, jina akaulizwa baadaye. Uliwashonea watoto wa jirani sare bila kuombwa, huku ukitupasha nani ameposwa na nani amerudishwa kwao.

Lakini kilichokupeleka mbali ni piano. Yule bibi mmishenari alikufundisha wewe na kaka yetu Kisilu pamoja, benchi moja: wewe sauti za juu, yeye za chini. Aliporudi kwao mwaka wa sitini na tatu akamwachia baba hiyo piano, ndipo tukagundua kila mmoja wenu anajua nusu ya wimbo tu. Baba akasema, "Basi mtazeeka pamoja kama jozi ya viatu."

Nusu na nusu hiyo ikawapeleka harusi zote, kuanzia hapa hadi Kitui mjini. Piano ilisafiri kwa lori la Gabow, mfanyabiashara wa mifugo, katikati ya mbuzi. Akiifunga kamba alikuwa anauliza, "Ndila, hii mbuzi yenu ya meno mingi inakula nini?" Nawe unamjibu, "Inakula amani ya ndugu yangu."

Maana mlikuwa mnapigana! Benchi lilikuwa fupi, wewe mnene, na kiwiko chako hakikuwa na dini. "Songa!" Waliokaa mbele kanisani walilisikia neno hilo kuliko mahubiri.

Nani amesahau harusi ya Kasyoka kule Matinyani? Asubuhi ulikula firigisi ya kuku aliyowekewa Kisilu kwa kuwa ndiye mwanamume wa msafara. Akavumilia. Bibi harusi alipofika katikati ya kanisa ukamtia Kisilu kiwiko, naye akainuka akatoka nje. Ukabaki na nusu yako, ti-ti-ti, kama kuku anayedonoa bati. Kasyoka akasimama mguu mmoja hewani, akakataa kukanyaga mpaka sauti za chini zirudi. Ukapiga kelele dirishani, "Kisilu! Rudi, mtoto wa watu anazeekea njiani! Nitakuchinjia jogoo mzima!" Akarudi. Jogoo mwenyewe alikufa kwa uzee.

Tangu tukuzike, Kisilu hakuigusa piano. Tuliogopa, Ndila. Kila jioni alikuja kwako, akakaa upande wake wa kushoto, kifuniko kimefungwa, akipangusa vumbi upande wako. Chakula kinapoa. Wazee wa kanisa wakaja kumwomba acheze na mwalimu wa kwaya. Akawauliza, "Ana kiwiko?" Wakanywa chai wakaenda. Tukaanza kusemezana jikoni kwamba huyu naye tunampoteza.

Halafu mwezi uliopita binti yako Syombua akaja nyumbani, na ule mwili wako na mdomo wako. Akafungua kifuniko, akajibwaga mahali pako.

"Anko, songa!"

Na kiwiko juu. Mimi dada yako Mbula nilikuwa mlangoni na sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, nikaiweka chini nitazame. Kisilu akamtazama. Akasonga. Mkono wake ukashuka kwenye sauti za chini.

Hatutakudanganya, Syombua anacheza vibaya. Mbuzi wa Gabow walikuwa na nafuu. Lakini Jumapili hii baada ya ibada watacheza nyumbani kwako, na mlango uko wazi kwa kila mtu, hata wale uliowasengenya. Kisilu mwenyewe ameagiza jogoo achinjwe, na firigisi iwekwe upande wa kulia.

Unakumbukwa na mumeo Musyoka, aliyeoa mke akapewa na piano juu; binti yako Syombua; kaka yako Kisilu; dada yako Mbula; na Gabow, aliyekataa kuachwa nje ya tangazo hili.

Daima tutakukumbuka, Ndila. Na huko uliko, waliotangulia wasonge.